MGUU UNAPOKOSA DAMU
Si kila maumivu ya mguu ni uzee au baridi yabisi

Mwezi huu tunataka kuzungumza nawe juu ya miguu: miguu ya baba yako, ya mama mkwe wako, na ya kwako wewe mwenyewe. Tunaandika tukiwa na deni. Sisi ni kikundi cha akina mama wa hapa Olasiti, magharibi ya jiji la Arusha, ambao kila Alhamisi huwatembelea wagonjwa na wazee. Baadhi yetu ni wauguzi kwa kazi. Pamoja na elimu hiyo, kuna mguu wa mzee mmoja ambao tuliuosha kwa mikono yetu, nao leo haupo.

Mzee aliyesimama njiani

Mzee huyo tutamwita Babu, kama tunavyomwita siku zote. Nyumba yake haiko mbali na barabara ya lami, lakini kila aliposhuka kwenye kifodi ilimchukua muda mrefu kufika. Alitembea hatua kama mia moja, akasimama, akajifanya anautazama Mlima Meru. Baada ya dakika mbili tatu aliendelea, kisha akasimama tena. Tulipompita tulimwamkia, "Shikamoo Babu," naye akaitika, "Marahaba wanangu. Tangulieni, mimi naupumzisha mguu." Tukatangulia. Tulisema ni uzee.

Alipolalamika kwamba shavu la mguu wa kushoto linambana, alipewa vidonge vya maumivu katika zahanati moja, tena na tena, kwa karibu miaka miwili. Sisi wauguzi tulimwona akivimeza na hatukuuliza swali. Tulijua kwamba alivuta sigara tangu ujana wake alipokuwa utingo wa malori. Tulijua ana kisukari. Lakini hatukuyaunganisha mambo hayo na kule kusimama kwake njiani.

Baadaye alianza kulala kwenye kiti, mguu ukining'inia, kwa sababu alipoulaza kitandani uliwaka kama moto. Mkewe alitusimulia jambo hilo kwa kicheko, kama mtu anayeeleza vituko vya mzee wake. Nasi tulicheka pamoja naye.

Ikaja Julai, mwezi ambao baridi ya Meru huingia mpaka ndani ya mifupa. Tuliukuta mguu wa Babu umepoa kama jiwe la mtoni. Kwa upendo tukachemsha maji, tukatia chumvi, tukauosha mguu ule na kuukanda. Babu hakusema kwamba maji yalikuwa ya moto mno, kwa kuwa hakuyasikia. Kisukari kilikuwa kimekwisha kuua hisia za unyayo wake. Alhamisi iliyofuata tulikuta lengelenge kwenye kidole gumba. Alhamisi ya tatu kidole kilikuwa cheusi.

Hospitalini daktari alimgusa Babu juu ya wayo, kisha nyuma ya kifundo cha mguu. Akatuuliza kama kuna mtu aliyewahi kuyatafuta mapigo ya damu katika mguu huu. Tulitazama chini. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Tangu siku ile tulianza kujifunza upya. Haya unayoyasoma ndiyo tunayowafundisha sasa akina mama katika ziara zetu.

Ni nini kinachotokea?

Moyo husukuma damu kupitia mishipa iitwayo ateri. Ateri hizo ni kama mabomba ya maji yanayotoka kwenye tangi kuelekea mabombani mitaani. Kwa miaka mingi, utando wa mafuta aina ya lehemu pamoja na chokaa huweza kujijenga ndani ya kuta za ateri. Njia ya damu huwa nyembamba kidogo kidogo. Miguu, kwa kuwa iko mbali na moyo na misuli yake ni mikubwa, huumia zaidi kuliko mikono, ingawa mikono nayo huweza kupatwa.

Mtu akikaa, damu kidogo inayopita humtosha. Akianza kutembea, misuli hudai damu nyingi zaidi na mshipa ulioziba nusu hauwezi kuileta. Ndipo shavu la mguu, na wakati mwingine paja au tako, hubana na kuuma. Akisimama dakika chache maumivu hutoweka. Akiendelea, hurudi baada ya umbali ule ule. Ajabu ni kwamba hali hii ilielezwa kwanza kwa mnyama. Mwaka 1831, daktari wa mifugo wa Ufaransa aitwaye Bouley alieleza habari za farasi aliyechechemea kila alipokokota gari na kupona kila alipopumzika. Miaka 27 baadaye, yaani mwaka 1858, daktari Charcot aliieleza hali hiyo hiyo kwa binadamu.

Usidhani ni ugonjwa wa nadra. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2010 watu wapatao milioni 202 duniani walikuwa nao, na wengi wao waliishi katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati.

Wanaopatwa zaidi ni wavuta sigara, wenye kisukari, wenye shinikizo la juu la damu, wenye lehemu nyingi, wenye ugonjwa wa figo, na watu waliovuka miaka 50. Mtu mwenye mambo mawili au matatu kati ya hayo achunguzwe hata kama haumwi. Wagonjwa wengi hawana dalili ya wazi. Akina mama hasa huweza kusema tu kwamba miguu imechoka au haina nguvu, na watu wakadhani ni kazi za shamba.

Jambo jingine ni zito zaidi. Mishipa ya miguu ikiziba, mara nyingi ya moyo na ya ubongo nayo imeanza kuziba. Kwa hiyo mguu unaobana njiani ni onyo pia juu ya shambulio la moyo na kiharusi.

Usiichanganye na magonjwa mengine

Huku kwetu kila maumivu ya mguu huitwa baridi yabisi. Zitazame tofauti hizi.

Baridi yabisi hukaa kwenye viungo, kama goti na kifundo. Viungo hukakamaa asubuhi na huuma hata mtu akiwa amekaa.

Maumivu yatokanayo na mgongo hushuka kutoka kiunoni, na mara nyingi mtu hapati nafuu kwa kusimama tu, mpaka akae au ainame.

Matatizo ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, huleta uvimbe na uzito jioni. Mtu hupata nafuu akiinua mguu juu. Vidonda vyake hukaa zaidi upande wa ndani, juu ya kifundo, navyo hutoa majimaji.

Lakini ateri zikiziba, mgonjwa hupata nafuu akiushusha mguu, kama Babu alivyofanya kwenye kiti chake. Vidonda hukaa kwenye ncha za vidole, kisigino au pembeni mwa wayo, navyo ni vikavu na haviponi. Ngozi hung'aa na kuwa nyembamba, vinyweleo hupungua, kucha hukua polepole, na mguu mmoja huwa wa baridi kuliko mwenzake. Maumivu ya usiku na kidonda kisichopona ni dalili kwamba mguu umo hatarini. Usingoje Alhamisi nyingine.

Jinsi ya kupima

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji mashine, ila kuvua viatu na soksi. Tunaona aibu kusema kwamba tulimtembelea Babu miaka miwili kabla hatujamvua soksi.

Muuguzi au daktari hugusa mapigo sehemu nne: kwenye nyonga, nyuma ya goti, nyuma ya kifundo upande wa ndani, na juu ya wayo. Wapo watu wazima wenye afya ambao pigo la juu ya wayo halisikiki, kwa hiyo asikate shauri kwa sehemu moja. Kisha hubonyeza ncha ya kidole mpaka kiwe cheupe, akaachia. Rangi hurudi kwa kawaida ndani ya sekunde mbili au tatu. Vile vile huweza kuuinua mguu mgonjwa akiwa amelala. Mguu usio na damu ya kutosha hupauka ukiinuliwa, na ukishushwa huwa mwekundu kupita kiasi.

Kipimo cha pili ni kulinganisha presha ya mguu na ya mkono. Mgonjwa hulala chali dakika tano hadi kumi. Mpimaji hupima presha ya mikono yote miwili na kuchukua ile ya juu zaidi. Kisha huufunga mkanda wa presha juu ya kifundo na kupima mishipa ya wayo kwa chombo kidogo kiitwacho Dopla, ambacho husikika kikivuma kama upepo damu inapopita. Jina hilo ni la Christian Doppler, mwanasayansi wa Austria aliyeeleza kanuni yake mwaka 1842. Halafu presha ya mguu hugawanywa kwa presha ya mkono.

Tuseme mkono ni 150 na mguu ni 96. Ukigawanya 96 kwa 150 unapata 0.64. Mtu mwenye mishipa mizuri hupata kati ya 1.0 na 1.4. Akipata 0.90 au chini ya hapo, ateri zimeziba kwa kiasi fulani. Akipata chini ya 0.4, hali ni mbaya sana. Lakini jihadhari na mwenye kisukari. Mishipa yake huweza kukakamaa kama mpira mkavu, isibanwe na mkanda, na hesabu ikatoka kubwa kupita 1.4 ilhali damu haifiki. Huyo apimwe presha ya kidole gumba au apigwe ultrasaundi.

Ultrasaundi huonyesha mahali palipoziba. Picha za CT zenye dawa ya kung'arisha mishipa huhitajika hasa pale daktari anapofikiria kuuzibua mshipa au kufanya upasuaji. Mgonjwa amweleze daktari kama figo zake zina shida, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuzidhuru.

Matibabu ni yapi?

Tiba ya kwanza ni kuacha sigara. Hakuna kidonge kitakachofaa kitu ikiwa mtu anaendelea kuvuta. Pili ni kutawala kisukari na presha. Tatu ni dawa: mara nyingi daktari huandika aspirini ya kiasi kidogo au klopidogreli ili damu isigande, pamoja na dawa za kundi la statini za kupunguza lehemu. Usijinunulie mwenyewe dukani, kwani aspirini huweza kumtoa damu tumboni mwenye vidonda vya tumbo. Chakula nacho kina sehemu yake. Nyama choma ya siku ya sherehe haina ubaya, lakini mafuta na chumvi za kila siku zipunguzwe, na mboga, maharage na matunda viongezwe.

Tiba ya nne huwashangaza wengi: ni kutembea. Mgonjwa asiye na kidonda, na aliyeruhusiwa na daktari, hutembea mpaka mguu ubane vizuri, husimama mpaka maumivu yaishe, kisha huendelea. Afanye hivyo dakika 30 hadi 45, angalau mara tatu kwa juma, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Misuli hujifunza kutumia vizuri damu iliyopo, na umbali wa kutembea bila maumivu huongezeka.

Mguu ukiwa hatarini, damu yenyewe inapaswa kufunguliwa njia. Mwaka 1948 daktari Jean Kunlin wa Paris alichukua mshipa wa vena wa mgonjwa mwenyewe akautumia kama njia ya mchepuko, ili damu ipite kando ya mahali palipoziba. Sisi wa Olasiti tunaoiona barabara ya mchepuko ikiyapitisha malori pembeni mwa mji tunalielewa jambo hilo mara moja. Kisha, tarehe 16 Januari 1964, kule Portland, Marekani, mama mmoja wa miaka 82 alikuwa na mguu ulioanza kuoza, naye akakataa kukatwa. Daktari Charles Dotter alipitisha mirija myembamba ndani ya mshipa wake, akaupanua. Mguu ulipata joto, na yule mama aliutembelea mpaka alipofariki zaidi ya miaka miwili baadaye. Mwaka 1974 daktari Andreas Grüntzig wa Zurich aliboresha njia hiyo kwa kutumia puto dogo linalojazwa ndani ya mshipa. Leo puto hilo hutumika duniani kote.

Hapa nchini, mgonjwa wa Arusha anaweza kuanzia hospitali ya mkoa ya Mount Meru, au ile ya Kilutheri ya ALMC, akapelekwa KCMC, Moshi. Dar es Salaam iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, yenye wataalamu wa moyo na mishipa ya damu. Ni safari ya zaidi ya kilomita 600 na gharama si ndogo. Kwa hiyo uliza mapema bima yako inalipia nini, na familia ikae kikao mguu ungali mzima.

Tusisahau pia kazi iliyofanyika nchini mwetu kwa ajili ya miguu ya wenye kisukari. Mwaka 2004 ulianza mpango ulioitwa Hatua kwa Hatua, katika Tanzania na India, ambao Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Daktari na muuguzi kutoka kituo kimoja walifundishwa pamoja, wakarudi kazini kwao, kisha wakaitwa tena kwa mafunzo ya juu zaidi. Tunaipenda sana hekima ya kumwita muuguzi. Yeye ndiye anayekiona kidonda siku ya kwanza.

Mama aliyepona kukatwa

Miezi kadhaa baada ya Babu kukatwa mguu, mama mmoja wa miaka 58, mwenye kisukari na presha, alitueleza kwamba husimama mara tatu kati ya nyumbani kwake na barabara ya lami. Safari hii hatukutangulia. Tulimwomba avue viatu, tukagusa nyuma ya kifundo cha mguu wa kulia, tukakosa pigo. Tulimsindikiza hospitali wiki ile ile. Hesabu zake ndizo zile tulizokupa kwa mfano hapo juu: 150, 96, na 0.64.

Alianzishiwa dawa na mazoezi. Wawili kati yetu tulitembea naye kwa zamu kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jioni. Alipobanwa tulisimama, tukaongea habari za watoto, tukaendelea. Majirani walituuliza kama tumekosa kazi. Baada ya miezi minne alikuwa akifika barabarani kwa kusimama mara moja tu. Hajapona kabisa, na huenda hatapona. Lakini ana miguu miwili.

Hatari isiyongoja kesho

Wakati mwingine damu iliyoganda huuziba mshipa ghafla. Mguu au mkono huuma sana, hupauka, hupoa, hukosa pigo, hufa ganzi na kushindwa kusogea. Mpeleke mgonjwa hospitali kubwa saa ile ile. Baada ya saa sita hivi misuli huanza kufa. Usimkande, usimchue, usimpe mwarobaini, wala usisubiri gari la asubuhi.

Kazi ya nyumbani kwa kila mama

Mara moja kwa siku, tumia dakika tano kwa mzee wako au kwa mwenye kisukari aliye nyumbani kwako.

1. Vua viatu na soksi. Tazama juu ya wayo, unyayo, kisigino na katikati ya vidole.
2. Linganisha joto la miguu yote miwili kwa mgongo wa mkono wako.
3. Osha kwa maji ya uvuguvugu uliyoyapima wewe kwa kiwiko, si yeye kwa mguu wake. Usiloweke. Kausha vizuri katikati ya vidole.
4. Usiweke miguu karibu na jiko la mkaa wala chupa ya maji ya moto. Soksi za sufu zisizobana zinatosha kwa baridi ya Julai.
5. Usikate sugu kwa wembe. Kata kucha moja kwa moja bila kuchimba pembeni.
6. Asitembee peku. Katambuga inayochubua iachwe, na kiatu kikung'utwe kabla ya kuvaliwa.
7. Usifunge bandeji ya kubana mguu uliovimba kabla mapigo yake hayajapimwa.
8. Kidonda, lengelenge au weusi wowote ufikishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mwombe mhudumu apime mapigo ya mguu. Sema wazi, "Tafadhali, naomba upime kama damu inafika."

Babu wa leo

Huenda unataka kujua habari za Babu. Pale KCMC, Moshi, kuna chuo kiitwacho TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho hufundisha mafundi wa viungo bandia. Ni huko Moshi alikopata mguu wa bandia. Sigara ameacha. Kila Alhamisi tunauvua mguu wake wa kulia, ule uliobaki, tunautazama kidole kwa kidole na kugusa pigo lake.

Tulimwomba msamaha kwa yale maji ya moto. Ilituchukua muda mrefu kupata ujasiri wa kusema. Alinyamaza, kisha akasema, "Wanangu, mlikuja. Wengine hawakuja. Sasa mkienda kwa wengine, mje na akili pia."

Ndiyo sababu tumekuandikia. Jioni hii, kabla hujazima taa, mvue mzee wako soksi.